Zaid bin Thabit na Lugha ya Mayahudi

Sahaba tunayemtaja katika waraka huu ni Zaid bin Thabit (R.A.), Ansari wa ukoo wa Banu Najjar. Baba yake aliuawa katika vita vya Bu'ath, naye Zaid ni mtoto wa miaka 6. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622, Zaid alikuwa na miaka 11, na tayari amehifadhi sura kadhaa za Qur'ani. Mwaka 624 alitaka kwenda Badr pamoja na wapiganaji, akarudishwa kwa udogo wake.

Mtume akampa kazi nyingine. Barua zilizokuwa zikipita baina yake na Mayahudi zilihitaji msomaji na mwandishi wa kuaminika, naye hakuridhika kuwaachia wao wenyewe amana hiyo. Akamwamrisha Zaid ajifunze maandishi yao. Imepokewa kuwa haukupita nusu ya mwezi ila alikuwa ameyajua.

Ndugu wasomaji, tuupime uzito wa amri hiyo. Madina ya siku zile ilikuwa mji wa mikataba na silaha. Banu Qainuqa walikuwa mafundi wa silaha, na Banu Nadhir walipotoka mwaka 625, moja katika masharti yao lilikuwa kuacha silaha nyuma. Kwa Kiebrania silaha ni shelah, mkuki ni romah, upinde ni keshet. Mwenye Kiarabu atasikia humo silah, rumh na qaus, nasi Waswahili tutalitambua neno letu. Lakini asidanganyike, kwani herev kwa Kiebrania ni upanga, na harba kwa Kiarabu ni mkuki mfupi. Mwenye kubahatisha atakosea, na kosa la namna hiyo katika mkataba laweza kumwaga damu.

Katika Khandaq, mwaka 627, Zaid alibeba udongo hata akashikwa na usingizi, na mwenziwe akamchukulia silaha zake kwa mzaha. Mtume akakataza kumtia hofu Muislamu, ijapokuwa kwa mchezo.

Baada ya vita vya Yamama, Abubakar (R.A.) alimkabidhi kuikusanya Qur'ani, na Uthman (R.A.) akamtia tena katika kuinakili misahafu. Alifariki Madina, kwa kauli mashuhuri, mwaka 45 wa Hijra.

Basi sisi watu wa pwani tujiulize. Huenda mmoja wetu akafika Lodwar, au Kakuma na vijiji vya Lopur, akataka kulingania dini kwa Kiswahili na Kiarabu tu, kisha akalaumu kuwa wenyeji hawasikii. Mapadri wa Kikatoliki walioingia Turkana wakati wa njaa ya mwaka 1961 walijifunza Kiturkana, hata wakakitungia kamusi. Je, sunna hii ya kujifunza lugha ya jirani si yetu sisi kwanza? Anayetaka kumfuata Zaid na aanze kwa nusu ya mwezi.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.