Otenyo: Shujaa wa Kisii ambaye mkuki wake ulisikika hadi London

RELI haijawahi kufika Kisii wala Nyamira. Hata hivyo, nyaya za telegrafu zilizoandamana na reli kutoka Mombasa hadi Kisumu zina nafasi kubwa katika maisha ya Otenyo Nyamaterere, shujaa wa jamii ya Abagusii aliyeuawa mnamo 1908.

Otenyo alikuwa mpiganaji kutoka Kitutu. Jina lake halitajwi bila la Moraa Ng'iti, mganga na mtabiri aliyewahimiza vijana wasikubali kutawaliwa na wageni. Wito wake uliwapata watu wenye machungu, kwani mnamo 1905 wanajeshi wa Mwingereza waliwavamia Abagusii kwa bunduki na kuwaua wengi waliojihami kwa mikuki.

Mnamo 1907, afisa Geoffrey Northcote, ambaye wenyeji walimwita Nyarigoti, alianzisha kituo cha serikali mahali ambapo leo ni mji wa Kisii. Januari 1908, Otenyo alimvizia njiani na kumchoma mkuki. Northcote alijeruhiwa lakini hakufa.

Wakati huo, reli ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901, na kando yake zilisimama nguzo za telegrafu. Waya ulishikiliwa na vikombe vidogo vya kioo au kauri, vilivyozuia umeme usivuje kupitia nguzo hadi ardhini. Kutoka Mombasa, ujumbe ulipita chini ya bahari hadi Zanzibar na hatimaye London. Habari ambayo zamani ingesafiri kwa wiki kadhaa sasa ilifika upesi.

Ni kupitia njia hiyo ambapo serikali ya Uingereza ilipata ripoti za kisasi cha wanajeshi wake. Vijiji viliteketezwa. Taarifa ya mapema Februari ilihesabu zaidi ya ng'ombe 5,000 na zaidi ya mbuzi na kondoo 3,000 waliotwaliwa, na Wakisii 100 waliouawa. Upande wa wanajeshi, hakuna aliyepotea.

Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni, alishtushwa na hesabu hiyo na kuhoji haja ya kuendelea kuwaua watu wasio na kinga. Miezi michache awali, yeye mwenyewe alikuwa amesafiri kwa reli hiyo hiyo. Lakini upesi wa waya haukuwafaa waliokwisha kuanguka.

Otenyo alikamatwa na kuuawa. Kwa mujibu wa masimulizi ya wazee, alikatwa kichwa, nacho kikapelekwa Uingereza. Kwa miaka mingi jamii imedai kirejeshwe ili shujaa huyo azikwe kwa heshima.

Northcote alipona, akapanda ngazi za utawala hadi kuwa gavana wa Hong Kong kuanzia 1937 hadi 1941.

Telegrafu ilihifadhi idadi ya mifugo na maiti. Jina la Otenyo, ujasiri wake na uchungu wa Moraa vilihifadhiwa na wenyeji wenyewe, mzazi akimsimulia mwana, katika vilima ambavyo nguzo za reli hazikuvifikia. Zaidi ya karne moja baadaye, ni masimulizi hayo yanayomfanya Otenyo akumbukwe kama mtu, wala si kama tarakimu katika ripoti.