Usiku wa Munyonyo

Karoli Lwanga alikuwa mkubwa wa vijana watumishi wa Mwanga, mfalme wa Buganda. Tarehe 25 Mei 1886, huko Munyonyo, mfalme aliwakasirikia sana Wakristo, akaamuru milango ya boma ifungwe. Karoli akajua kwamba kesho watahukumiwa. Lakini wengine walikuwa hawajabatizwa. Mdogo wao, Kizito, mwenye miaka 14 hivi, alikuwa ameomba ubatizo mara nyingi, akaambiwa angoje.

Padri hakuwa karibu. Basi Karoli hakungoja kuche. Alitwaa maji, akawabatiza yeye mwenyewe, maana penye hatari ya kufa kila mtu aweza kubatiza.

Asubuhi walipoitwa, walikwenda pamoja. Tarehe 3 Juni, kule Namugongo, Karoli alichomwa moto polepole, peke yake. Kizito alimfuata siku ile ile.