Daktari Aliyekuwa Fundi

Tangu zamani nchi ya Karagwe iliwaheshimu wahunzi. Huko Bweranyange, makao ya wafalme, zilitunzwa nyundo na sanamu ndogo za ng'ombe za chuma, zikiwa alama za enzi. Kazi ya mhunzi ni chuma, na kazi ya mganga ni mwili wa mtu; wengi hudhani kwamba njia hizo mbili hazikutani. Maisha ya Daktari Willem Kolff yatuonyesha kuwa zaweza kukutana.

Kolff alizaliwa Leiden, Uholanzi, tarehe 14 Februari 1911. Baba yake alikuwa daktari wa kifua kikuu. Mtoto aliiogopa kazi ile, kwa maana hakutaka kuona watu wakifa. Alipenda kwenda kwa seremala kujifunza ufundi. Hata hivyo akasomea udaktari. Mwaka 1938, huko Groningen, alimwuguza kijana wa miaka 22, mwana wa mkulima maskini, ambaye figo zake zilikuwa zimeshindwa kazi. Kijana akafa, na Kolff ndiye aliyempasha mama yake habari. Tangu hapo akawaza jinsi damu iwezavyo kusafishwa nje ya mwili.

Mwaka 1940 Wajerumani wakaitwaa Uholanzi. Kolff hakukubali kutumika chini ya mkubwa aliyewekwa na Wanazi, akahamia hospitali ndogo ya Kampen. Vifaa vilikuwa haba. Akatwaa utando mwembamba wa kufungia soseji, akauzungusha juu ya pipa la mbao lililozamishwa nusu katika maji ya chumvi. Mkuu wa kiwanda cha vyombo akamsaidia kuunda mashine yenyewe. Damu ilipita ndani ya utando, na takataka zake zikapenya na kuingia majini. Alianza kuwatibu wagonjwa mwaka 1943, na karibu wote 16 wa kwanza walikufa. Septemba 1945 akaletewa bibi wa miaka 67, mfungwa, kwa kuwa wakati wa vita alikuwa upande wa Wanazi. Kolff hakumbagua. Bibi yule akazinduka, akaishi miaka kadhaa.

Vita vilipokwisha, alizigawa mashine zake bure kwa hospitali za nchi nyingine. Mwaka 1950 akahamia Marekani. Ikiwa kazi ya figo yaweza kufanywa na mashine, je, moyo, ambao ni pampu? Mwaka 1957, huko Cleveland, yeye na Tetsuzo Akutsu walimwekea mbwa moyo wa bandia, naye akaishi dakika 90. Tangu 1967, huko Utah, akawakusanya madaktari na wahandisi wafanye kazi pamoja. Tarehe 2 Desemba 1982 daktari mpasuaji William DeVries alimwekea Barney Clark, daktari wa meno, moyo ulioitwa kwa jina la Robert Jarvik, mmoja wa wasaidizi wa Kolff. Moyo huo ulisukumwa kwa hewa itokayo katika mashine kubwa kando ya kitanda. Clark aliishi siku 112, zenye taabu nyingi, na watu wakauliza kama zilistahili gharama yake. Swali hilo lilikuwa la haki. Kolff mwenyewe alishika kwamba kurefusha maisha peke yake hakutoshi. Yapasa mgonjwa arudishiwe maisha yenye furaha.

Alifariki tarehe 11 Februari 2009, zikiwa zimebaki siku tatu atimize miaka 98.

Ndugu msomaji, mgonjwa wa figo atokaye Karagwe au Kyerwa akafika hospitali ya Bugando, Mwanza, na kulazwa kando ya mashine ya kusafisha damu, yuko mbele ya mjukuu wa lile pipa la Kampen. Mashine ile yamtaka daktari, nayo yamtaka pia fundi wa kuitunza, maana ikiharibika daktari hana la kufanya. Basi mzazi ambaye mwanawe apenda kufungua redio mbovu na kuiunga tena, asimwambie kwamba ufundi ni kazi ya walioshindwa shule. Huenda mkono huo ndio utakaohitajiwa kitandani pa mgonjwa.