Aliyeiunda General Motors na kuipoteza mara mbili

Wenyeji wa Mariakani hawahitaji kuelezwa lori ni nini. Mji wetu umekaa kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, kiasi cha kilomita 35 kutoka Mombasa, na kwa miaka mingi riziki ya wengi hapa imetegemea foleni ya mizani: akina mama wauza chai na mahamri, vijana waziba pancha, wenye vyumba vya kulala wageni, makanika, madereva na utingo wao. Sisi huyajua malori kama mfugaji wa Kiduruma anavyowajua ng'ombe wake. Hata hivyo, sidhani kama katika umati huo wote wamo watu wawili watatu wanaolijua jina la William Crapo Durant. Wanayemjua ni Henry Ford. Hilo halinishangazi, kwani Ford aliliandika jina lake juu ya magari yake na jina likadumu, ilhali magari yaliyoitwa Durant hayakuishi hata miaka 15. Lakini tukitazama ni nani aliyeigusa zaidi barabara hii yetu, mimi nashikilia kwamba ni Durant.

Nitaeleza sababu. Kampuni aliyoiasisi, General Motors, ndiyo iliyoinunua Vauxhall ya Uingereza mwaka wa 1925, na mwaka wa 1931 Vauxhall ikaanza kuunda malori ya Bedford, ambayo wazee wetu waliyazoea hata jina likawa la nyumbani. Baadaye, mwaka wa 1975, Serikali ya Kenya iliingia ubia na General Motors, na mwaka wa 1977 kiwanda cha Nairobi kikaanza kuunganisha magari. Katika kiwanda hicho ndimo yalimotoka malori na mabasi ya Isuzu yaliyojaa katika barabara zetu. Basi si vibaya tukamjua mtu aliyelipanda shina la mti huo, hasa kwa kuwa maisha yake yalikuwa na kupanda na kushuka ambako msafirishaji yeyote wa hapa atakutambua mara moja.

Durant alizaliwa mjini Boston, Marekani, tarehe 8 Desemba, 1861. Babu yake mzaa mama, Henry Crapo, alikuwa tajiri wa mbao katika mji wa Flint, jimbo la Michigan, na akapata kuwa gavana wa jimbo hilo. Baba yake, kinyume cha hayo, alikuwa mtu wa pombe na wa kubahatisha fedha, akaiacha familia, na mama akarejea Flint na watoto wake. Kijana hakuimaliza shule ya sekondari. Alianza kazi katika uwanja wa mbao wa babu yake, kisha akauza dawa, akauza sigara, akauza bima, na kila alichokiuza kilinunuliwa. Wote waliomjua walikubaliana kwamba hakuwa mtu wa kupaza sauti wala wa kusukuma watu. Alizungumza kwa upole, akitabasamu, na mteja akajikuta amejiuzia mwenyewe.

Mwaka wa 1886 alipanda mkokoteni wa farasi wa rafiki yake, wa magurudumu mawili, akaona kwamba springi zake zilimeza mitikisiko ya njia mbaya. Hakungoja. Alikwenda hadi mji wa Coldwater ulikoundwa mkokoteni ule, akanunua haki zote za kuuunda kwa dola 1,500. Fedha hizo hakuwa nazo, alizikopa benki. Kisha, pamoja na mshirika wake Dallas Dort, akapokea maagizo ya mikokoteni mingi kabla hajawa na kiwanda chake cha kuiunda, ikabidi amtafute fundi mwingine wa kuwaundia. Huo ndio uliokuwa mwendo wake tangu siku hiyo hadi mwisho: kuuza kwanza, kukopa pili, kuunda tatu. Ulimfaa sana. Kufikia mwaka wa 1900 kampuni ya Durant na Dort ilikuwa miongoni mwa waundaji wakubwa kabisa wa magari ya farasi nchini Marekani, naye alikuwa milionea kabla ya kutimiza miaka 40.

La ajabu ni kwamba magari ya injini hakuyapenda. Aliyaona kuwa ni makelele, moshi na hatari, na yasemekana alimkataza binti yake kuyapanda. Lakini mwaka wa 1904 wenye kampuni ndogo ya Buick, iliyokuwa hapo Flint na imeshazama katika madeni, walimwomba awaokoe. Mwasisi wake, David Buick, alikuwa Mskochi hodari wa kubuni vitu lakini asiyejua biashara. Durant alilichukua gari moja akaliendesha siku kadha wa kadha katika njia mbovu kuliko zote alizozijua, penye matope, mchanga na mashimo. Aliporidhika, aliichukua kampuni. Mwaka ule Buick ilikuwa imeuza magari 37 tu. Katika maonyesho ya New York ya Januari 1905, Durant alirudi na maagizo ya magari zaidi ya 1,000, na kufikia mwaka wa 1908 Buick ilikuwa ikiuza magari zaidi ya 8,000 kwa mwaka.

Tarehe 16 Septemba, 1908 aliisajili General Motors katika jimbo la New Jersey kwa mtaji wa dola 2,000. Baada ya majuma machache mtaji huo uliongezwa hadi dola milioni 12.5, na Durant akaanza kununua. Alinunua Buick yake mwenyewe, akanunua Oldsmobile, akanunua Oakland iliyokuja kuzaa Pontiac, akanunua Cadillac. Mara nyingi hakulipa fedha taslimu bali hisa, yaani alilipa kwa ahadi ya kesho. Mwaka wa 1909 alitaka kuinunua hata kampuni ya Ford kwa dola milioni 8. Ford alikuwa tayari kuuza, ila alitaka fedha mkononi, na benki zikakataa kumkopesha Durant. Nawaza namna historia ya magari ilivyoning'inia katika uzi huo mmoja!

Alinunua pia visivyofaa. Alinunua kampuni ya taa ya Heany kwa hisa nyingi kuliko alizolipa kwa Buick na Oldsmobile, na hati za ubunifu zilizokuwa ndiyo thamani yake zikaonekana kuwa za udanganyifu. Soko lilipolegea mwaka wa 1910, General Motors haikuwa na fedha za kuwalipa wafanyakazi na waliowauzia vifaa. Mabenki yaliikopesha dola milioni 15 kwa masharti, na miongoni mwa masharti hayo ni kwamba Durant aondoke katika uongozi.

Hapa nasita kidogo, maana yupo jirani yangu hapa Mariakani ambaye habari yake haiko mbali na hii. Alikuwa na lori moja, akalifanya dhamana pamoja na hati ya shamba, akakopa, akanunua la pili. Kulipokucha mwaka wa 1918? La, mwaka wa 2018, ambapo treni ya mizigo ya reli mpya ilianza kuchukua makontena kutoka bandarini, malori mengi yalilala bila kazi. Madalali walikuja kuyachukua yote mawili. Mji mzima ulimcheka kwa tamaa yake. Mimi sikucheka. Lau lori la pili lingepata kazi miaka miwili tu, wale wale waliocheka wangalimwita mtu mwenye akili na kumwomba ushauri. Watu wengi humhukumu mkopaji kwa lililomfika baadaye, wala si kwa alilolijua siku aliyotia sahihi. Durant alihukumiwa hivyo mara mbili.

Alipofukuzwa hakuketi kulia. Mwaka wa 1911, pamoja na Louis Chevrolet, dereva wa mashindano aliyezaliwa Uswisi, alianzisha kampuni mpya. Walikosana upesi: Louis alitaka gari kubwa la fahari, Durant alitaka la bei nafuu la watu wengi. Louis akaenda zake, akaliacha jina lake nyuma, na baada ya miaka mingi ya taabu alifariki mwaka wa 1941, wakati magari yenye jina lake yakiuzwa kwa mamilioni. Chevrolet ilistawi kiasi kwamba Durant aliweza kutoa hisa zake kwa kubadilishana na hisa za General Motors, huku akizinunua nyingine taratibu. Siku moja wakuu wa mabenki walitanabahi kwamba Chevrolet, kampuni changa, ndiyo inayoimiliki General Motors. Tarehe 1 Juni, 1916 Durant alikalia tena kiti cha urais.

Miaka minne iliyofuata ndiyo iliyoipa kampuni umbo lake. Alimlipa Walter Chrysler dola 500,000 kwa mwaka aiongoze Buick, hadi Chrysler alipochoshwa na kuingiliwa kazi yake akatoka, na mwaka wa 1925 akaunda kampuni yake mwenyewe. Aliiingiza katika kampuni biashara ya friji za Frigidaire. Na mwaka wa 1919, chini ya urais wake, kampuni ilianzisha tawi la kuwakopesha watu fedha za kununulia magari. Jambo hilo laonekana dogo, lakini kwangu ni zito kuliko injini yoyote. Kabla ya hapo benki nyingi zilikataa kumkopesha mtu fedha za gari. Baada ya hapo kulipa kidogo kidogo, gari likiwa ndilo dhamana, kukawa ndiyo kawaida ya biashara, na leo ni wachache mno katika barabara hii wanaoendesha lori ambalo halijapata kuwa rehani.

Mwaka wa 1920 uchumi wa Marekani uliporomoka na bei ya hisa za General Motors ikaporomoka pamoja nao. Durant alikuwa amewashawishi marafiki wengi kuzinunua. Badala ya kunyamaza, alijaribu kuizuia bei isianguke kwa kuzinunua mwenyewe kwa fedha za mkopo, na kadiri alivyonunua ndivyo zilivyozidi kushuka. Deni lake lilipita dola milioni 20. Familia ya du Pont na benki ya J. P. Morgan walililipa, wakazichukua hisa zake, na mwisho wa Novemba mwaka huo akatoka kwa mara ya pili, asirudi tena. Wapo wanaosema alikuwa mcheza kamari tu. Siwezi kukubali moja kwa moja, maana mcheza kamari hujiokoa kwanza. Lakini sikatai kwamba wafanyakazi walioachishwa kazi majira hayo hawakuulizwa kama wako radhi kuingizwa katika mchezo huo.

Aliyekuja kuiongoza kampuni tangu 1923, Alfred Sloan, alikuwa mtu wa hesabu na kamati, na chini yake General Motors iliipita Ford. Iliongoza dunia kwa mauzo kwa zaidi ya miaka 70, hadi Toyota ilipoipita mwaka wa 2008. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Juni, nayo iliomba mahakamani ilindwe na wadai, kama mwasisi wake alivyofanya kabla yake.

Kwani Durant alianzisha kampuni ya tatu mwaka wa 1921, nayo ikafa mapema katika miaka ya 1930. Soko la hisa lilikuwa limekwisha kummaliza. Mwaka wa 1936 alitangazwa kufilisika: madeni yake yalikaribia dola 914,000, na mali aliyoiorodhesha ilikuwa ya dola 250, nayo ni nguo zake. Mwaka wa 1940, akiwa na umri wa miaka 78, alifungua huko Flint ukumbi wa mchezo wa kuangusha pini kwa tufe, na pembeni yake akauza hambaga. Alikuwa na mpango wa kufungua kumbi nyingine kama hizo katika miji mingi. Mwaka wa 1942 alipatwa na kiharusi, na Sloan na wenzake wachache wa zamani wakamchangia fedha za kujikimu.

Alifariki New York tarehe 18 Machi, 1947. Siku 20 baadaye akafa Henry Ford, na magazeti ya dunia yakajaa habari za Ford. Hapa Kenya jina la General Motors liliondoka mwaka wa 2017, ilipowauzia Isuzu hisa zake za kiwanda cha Nairobi, asilimia 57.7. Kibao langoni kikabadilishwa, na malori yakaendelea kufika mizani ya Mariakani kama jana yake.