Ibn Battuta Katika Mto wa Uchina

Sheikh Abu Abdallah Muhammad, ajulikanaye kwa jina la Ibn Battuta, alizaliwa Tangier, nchi ya Maghribi, mwaka 703 wa Hijra, nao ni 1304 wa Miladi. Alitoka kwao kijana kwenda kuhiji, akazunguka dunia, hata Mombasa na Kilwa alifika mwaka 1331.

Baadaye Sultani wa Delhi alimtuma Uchina. Aliposhuka bandari ya Zaitun alipanda chombo cha makasia kwenda Sin Kalan, ndio Canton. Kwa masimulizi yake, walikwenda mtoni siku 27. Wavuta makasia husimama katikati, na abiria hukaa omoni na tezini chini ya chandalua. Kila siku karibu na adhuhuri walifunga chombo penye kijiji, wakanunua mahitaji, wakasali, kisha wakaendelea hata jioni.

Nchi ilikuwa nzuri, bali moyo wake ulikuwa mzito, kwa kuwa wengi waliabudu masanamu. Kila alipokutana na Waislamu alifurahi kana kwamba ameona jamaa zake. Na Sin Kalan aliwakuta, wana mtaa wao, na msikiti, na kadhi.

Basi mto ulimchukua mbali na kwao, wala haukumchukua mbali na Sala yake. Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.