Habari za Frederick Douglass na Mkewe Anna

Jina la Bwana Frederick Douglass, mtetezi wa watumwa wa Marekani, wengi wenu mwalijua. Jina la Bibi Anna ni wachache walisikiao, nasi twaona si haki kusimulia habari za mmoja na kumwacha mwenziwe.

Frederick alizaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland mwaka 1818. Anna Murray alikuwa mtu huru, mtumishi wa nyumbani katika mji wa Baltimore, na huko ndiko walikojuana. Frederick alipoazimia kutoroka, Anna alitoa akiba yake, hata akauza godoro lake la manyoya. Tarehe 3 Septemba 1838 Frederick alipanda gari la moshi, amevaa nguo za baharia, na mkononi ana cheti cha kuazima. Cheti hicho kilieleza sura ya mtu mwingine. Mkaguzi wa tikiti angalikisoma vema, safari ingalikoma papo hapo. Alifika New York salama, Anna akamfuata, wakaoana tarehe 15 ya mwezi ule ule.

Mwaka 1845 Frederick alivuka bahari kwenda Ireland na Uingereza, akihutubia mikutano karibu miaka miwili. Marafiki wa huko walichanga paundi 150 wakamnunulia uhuru wake. Na nyumbani je? Anna alikuwa katika mji wa Lynn na watoto wadogo, akishona viatu kwa ujira, na malipo ya jozi kadha aliyatenga yawe mchango wake wa kupinga utumwa. Mumewe aliporudi alidhani atakuta madeni. Bibi akainuka, akafungua mtoto wa meza, akatoa kitabu cha benki: fedha zote alizotumiwa zimo, na ujira wake umo, wala hakuna deni hata moja. Sisi tulioshika daftari za chama twajua kazi hiyo ilivyo.

Baadaye walihamia Rochester, Frederick akaanzisha gazeti mwaka 1847. Watumwa waliokimbilia Kanada walibisha mlangoni usiku wa manane, naye Anna akawapa chakula na moto. Mwaka 1860 binti yao mdogo, Annie, alikufa baba akiwa Uingereza. Mama alimzika bila yeye.

Bibi Anna alifariki Washington tarehe 4 Agosti 1882, na mumewe mwaka 1895. Katika kitabu chake cha kwanza Frederick alimtaja mkewe kwa maneno machache tu. Habari ya kitabu cha benki ilisimuliwa na binti yao Rosetta, mbele ya chama cha akina mama, mwaka 1900.