Khabari za Nana Asma'u, Mwalimu wa Wanawake wa Sokoto

Kwa jina la Mwenyiezi Mungu. Sifa njema zote ni zake Yeye aliyemfundisha mwanadamu asiyoyajua, na sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote, wanaume na wanawake.

Ama baada ya hayo. Wako watu katika miji ya pwani ambao wakiulizwa kwa nini mwana wao wa kiume amehitimu chuoni na dada yake hajui hatta nguzo za udhu, hujibu kwamba mtoto wa kike mwisho wake ni jikoni, na elimu haitamfaa kitu. Neno hilo si geni. Lilikuwa likisemwa katika nchi za Afrika ya Magharibi zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na hatta wanavyuoni walikuwamo katika wenye kulisema. Aliyelijibu kwa maisha yake yote ni bibi mmoja wa huko, na khabari zake ni hizi.

Bibi huyo aliitwa Asma'u, na Nana ni jina la heshima, kama watu wa pwani wanavyowatanguliza mabibi zao kwa jina la Mwana. Alizaliwa mwaka 1793 katika mji mdogo wa Degel, nchi ya Gobir, ambayo leo imo kaskazini-magharibi ya Nigeria. Baba yake ni Sheikh Uthman bin Fodio, mwanachuoni mkubwa wa Kifulani, ambaye watu wake humwita Shehu Usman dan Fodio. Asma'u alizaliwa pacha pamoja na ndugu wa kiume, Hassan. Desturi ya nchi ile ni kuwa pacha wa kike wa Hassan huitwa Husseina, lakini baba yake aliiacha desturi, akampa jina la Asma binti Abubakar, yule aliyempelekea Mtume na baba yake chakula walipokuwa wamejificha pangoni katika safari ya Hijra. Watu wengi waliokuja baadaye waliliona jina hilo kuwa ni alama ya kazi aliyokuja kuifanya.

Zama zile Uislamu ulikuwa umekwisha ingia Gobir, lakini ulikuwa umechanganyika na mambo mengi. Wanawake wengi walitafuta shifaa na amani katika ibada za pepo ziitwazo bori, ambazo mfano wake haukosekani pwani. Sheikh Uthman aliwaona wanavyuoni wakiwafundisha wageni na wanafunzi wa mbali, na huku wakiwaacha wake zao na mabinti zao katika ujinga. Akaandika kuwalaumu kwa maneno makali, akimfananisha mwanamke aliyeachwa hali hiyo na chombo cha nyumbani, kitumiwacho mpaka kikivunjika hutupwa jalalani. Akawaambia wanawake kwamba haki yao juu ya waume zao si chakula na nguo tu, bali na kufundishwa dini.

Basi wanawake wakawa wakihudhuria darsa zake, wamejisitiri, wamekaa mbali na wanaume. Mwanachuoni mmoja wa Bornu, jina lake Mustafa Gwani, akapeleka shairi la kumkataza jambo hilo. Sheikh alimwamuru nduguye, Abdullahi, amjibu kwa shairi. Jawabu yao ilikuwa kwamba ujinga katika dini ni madhara makubwa kuliko hayo aliyoyahofu, na mtu mwenye akili hulikimbia kubwa akalistahimili dogo. Katika nyumba ya namna hiyo ndimo alimokulia Asma'u.

Lakini asidhani mtu kwamba njia yake ilikuwa nyepesi. Mama yake, Bibi Maimuna, alifariki Asma'u angali mtoto mchanga, akalelewa na wake wengine wa baba yake. Alihifadhi Kurani, akasoma fikihi na khabari za Mtume, akajua Kiarabu, na Kifulani cha kwao, na Kihausa cha watu wa nchi, na lugha ya Watuareg. Elimu ile hakuipata katika raha. Mwezi wa Februari mwaka 1804, kwa sababu ya ugomvi na mfalme wa Gobir, Sheikh na watu wake walihama Degel wakaenda Gudu, na vita vikaanza. Asma'u alikuwa na miaka kumi hivi. Aliiona njaa, na safari za miguu, na kambi zisizokuwa na amani. Katika Ramadhani ya mwaka ule ule, mwezi wa Disemba, Waislamu walishindwa vibaya mahali paitwapo Tsuntua. Walikufa watu wapatao 2,000, na katika hao 200 walikuwa wamehifadhi Kurani nzima. Mwenye kufahamu thamani ya hafidhi mmoja na apime msiba wa kuwapoteza mia mbili kwa siku moja. Asma'u aliliona tangu utotoni kwamba elimu iliyo katika vifua vya wachache hupotea pamoja nao, na aliyewafundisha wengi ameiwekea akiba.

Vita vilikwisha mwaka 1808 kwa kuanguka Alkalawa, mji mkuu wa Gobir. Mwaka uliofuata Muhammad Bello, ndugu yake Asma'u kwa baba, aliujenga mji wa Sokoto. Asma'u alikuwa ameolewa na Gidado, rafiki wa Bello, aliyekuwa waziri wake alipotawala baada ya kufariki Sheikh mwaka 1817. Nyumba ya waziri haikosi wageni, wala wahitaji, wala kazi, na Asma'u alipata watoto akawalea. Hakuuacha wino kwa ajili ya watoto, wala hakuwaacha watoto kwa ajili ya wino. Mumewe hakumwonea haya mke aliyemjua kuwa ni mwanachuoni, bali alikaa naye wakazikusanya na kuzihifadhi karatasi za Sheikh zisipotee, na mwenyewe Gidado akaandika kitabu cha khabari za Sheikh.

Hapo Asma'u aliona kizuizi kikubwa zaidi kuliko vyote. Vitabu vilikuwa kwa Kiarabu, na wanawake wa mashamba hawakijui. Wengi wao walikuwa Wahausa walioshindwa vitani, wanyonge, waliofiwa, walioingia katika dola mpya bila kuifahamu dini yake. Kuwahukumu kwa ujinga wao ni rahisi, lakini kuwaondolea ujinga huo kwataka kazi. Yeye akachagua kazi. Akatunga mashairi kwa Kifulani na Kihausa, akiyaandika kwa herufi za Kiarabu, kama watu wa pwani walivyoyaandika mashairi yao ya Kiswahili. Akazifunga ndani ya beti hukumu za udhu na sala, zaka na funga, khabari za Mtume, na mambo ya kifo na kiama. Akatunga hatta shairi lenye kutaja majina ya sura zote za Kurani, ili asiyejua kusoma azihifadhi kwa sikio. Wala hakuwa peke yake katika nyumba ile, kwani dada yake Khadija aliutafsiri kwa Kifulani Mukhtasar wa Khalil, kitabu kikubwa cha fikihi ya madhehebu ya Malik.

Lakini shairi likikaa Sokoto halimfai mwanamke wa kijiji cha mbali. Kwa hivyo Asma'u akaanzisha chama walichokiita 'yan taru, maana yake wenye kukusanyika. Katika killa upande wa nchi aliteuliwa mwanamke mmoja mwaminifu, mtu mzima, akaitwa jaji, jina ambalo kwa Kihausa hupewa kiongozi wa msafara. Asma'u alimvika kofia pana ya ukili, iitwayo malfa, na kitambaa chekundu cha kuifunga. Kofia ya namna hiyo zamani ilikuwa alama ya bibi mkuu wa mambo ya pepo katika Gobir. Asma'u aliichukua alama ile ile waliyokuwa wakiiheshimu, akaitia katika elimu, na watu wakajua kwamba heshima imehama kutoka kwa mganga wa pepo na kuingia kwa mwalimu.

Majaji hao waliwaongoza wanawake waliopita umri wa kuzaa na wasichana wadogo, wakaenda kwa miguu mpaka Sokoto, wakiwa wengi, salama kwa wingi wao. Walikuja na zawadi za asali, nafaka, samli na nguo, na Asma'u akawagawia masikini. Wakakaa kwake wakasoma, wakahifadhi, wakamweleza shida zao, kisha wakarudi makwao. Wake wenye watoto wachanga, ambao hawakuweza safari, walisomeshwa majumbani mwao na hao waliorudi. Hivyo elimu iliingia katika nyumba ambazo mwalimu wa kiume hakuwa na njia ya kuingia. Asma'u hakuivunja sitara wala haya. Alifundisha kwamba mwanamke asitoke nyumbani kwake bila sababu, na alifundisha pia kwamba kutafuta elimu ni moja katika sababu hizo.

Muhammad Bello aliandika kitabu cha khabari za wanawake wacha Mungu waliopita, na mwaka 1837 Asma'u aliyatunga mambo yake kuwa shairi. Baada ya kuwataja mabibi mashuhuri wa nchi za Arabuni na kwingineko, aliongeza majina ya wanawake wa nchi yake mwenyewe, wa karibu na zama zake: waliofundisha Kurani, waliosuluhisha ugomvi, waliokuwa wakarimu. Mwanamke wa kijiji aliyesikia jina la jirani yake likisomwa pamoja na majina ya watu wema wa kale alijua kwamba mlango haukufungwa, na kwamba yeye naye ni mtu mbele ya Mola wake. Huko ndiko kumjengea mwanamke nafsi yake kulikomfaa zaidi kuliko kumsifu uso na mapambo.

Mwaka huo huo wa 1837 Bello alifariki, na msiba ule ulimwelemea sana Asma'u, kwani alikuwa nduguye na mshauri wake katika elimu. Baadaye akafiwa na mumewe, na rafiki zake, na wengi aliokua nao. Killa mara alitunga shairi la maombolezo, akamtaja maiti kwa wema wake, kisha akarudi kwenye darsa. Subira yake haikuwa ya kukaa kimya bila kazi. Sifa yake ilifika mbali, hatta mwanachuoni mmoja wa Shinqit, katika nchi iitwayo leo Mauritania, alipopita Sokoto katika safari yake ya Haji alimjua kwa elimu yake, na Asma'u akamtungia shairi la kumkaribisha.

Asma'u alifariki mwaka 1864, naye amepata miaka 70 au 71. Tungo zake zilizobaki zapata 60. Dada yake Maryam aliishika kazi ya kuwaongoza wanawake baada yake. Dola ya Sokoto ilishindwa na Waingereza mwaka 1903, na nguvu za majeshi yake zikawa khabari za kale, lakini tungo zake hazikupotea, zimekusanywa na kupigwa chapa mwaka 1997, na 'yan taru wangaliko hatta leo.

Pwani nayo haikukosa mfano. Mwaka 1858, Asma'u angali hai, Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utenzi ambao watu wa pwani wangali wakiusoma. Mabibi hawa wawili hawakuonana wala hawakujuana, lakini killa mmoja alishika kalamu, akaandika lugha ya kwao kwa herufi za Kurani, ili watoto wa kike wasibaki bila uongozi.

Mwenye kuzifikiri khabari za Nana Asma'u ataona kwamba vipaji vyake vilitoka kwa Mwenyiezi Mungu, na juhudi ilikuwa yake, lakini walikuwako na wanaume watatu ambao hawakumfungia mlango. Baba alimfundisha, ndugu alimshauri na kumpa kitabu chake akitunge, na mume alimwachia nafasi na wakati. Lau mmoja wao angalisema kwamba mtoto wa kike mwisho wake ni jikoni, maelfu ya wanawake wangalikufa bila kuijua sala yao, na hesabu ya jambo hilo isingalikuwa juu ya wanawake hao. Asma'u mmoja hazaliwi killa siku. Lakini hakuna ajuaye ni katika nyumba gani yumo, na aliye na binti asiyesomeshwa hawezi kusema kwa yakini kwamba hayumo katika nyumba yake.

Mwenyiezi Mungu amrehemu Nana Asma'u, na wazee wake, na walimu wote wa kiume na wa kike, na awafungulie mabinti wa Waislamu milango ya elimu yenye manufaa. Amin.